Nani atawasemea waigizaji wa West Nile?

Hesabu sinema zinazojulikana kuhusu Idi Amin. Mwaka 1976 aliigizwa na Julius Harris, na 1977 na Yaphet Kotto, wote Wamarekani. Mwaka 1981 ilikuwa zamu ya Mkenya, Joseph Olita. The Last King of Scotland, iliyopigwa hapahapa Uganda, ilimpa Mmarekani Forest Whitaker tuzo ya Oscar mwaka 2007. Mwaka 2018 akaja Nonso Anozie, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Kati ya hao watano hakuna hata mmoja wa Koboko, ulikotoka ukoo wa Amin.

Sisemi hivi kwa kumsifu. Sisi tuliosomea uhamishoni, Zaire ya wakati huo, tunajua gharama ya utawala ule na ya kisasi kilichofuata. Nasema kwa sababu Lurujo ina vijana wenye kipaji, na kila mmoja ananiuliza: Mwalimu, wakala wa waigizaji anapatikana wapi?

Wakala wa kweli ni dalali. Anakutafutia usaili, anasoma mkataba, anakudaia malipo, kisha anachukua sehemu yake. Marekani sehemu hiyo kwa kawaida ni asilimia 10. Katika jimbo la California, lenye Hollywood, sheria inamtaka awe na leseni na inamkataza kudai ada ya kujisajili. Wenzangu wa Oraba na Vurra mnaelewa: nani humlipa dalali wakati magunia bado yamo ghalani?

Lakini binti niliyemfundisha alinionyesha karatasi ya mtu aliyejiita wakala. Anatakiwa kulipa shilingi 300,000 za "usajili na picha", kisha apeleke pasipoti yake kwa ajili ya "filamu ya Dubai". Mkataba hakuna, jina la sinema hakuna. Nilimwambia pasipoti isitoke mkononi mwake. Kampuni inayopeleka watu kufanya kazi nje lazima iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na tangu 2009 tuna sheria dhidi ya biashara ya binadamu. Aulizwe leseni kwanza. (Mara nyingi swali hilo moja humaliza mazungumzo.)

Sasa tazama Waganda waliopata nafasi kweli. Katika ile sinema ya Whitaker walikuwemo Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa kikundi cha Ndere, na Abby Mukiibi wa Afri-Talent. Madina Nalwanga wa Queen of Katwe, ya mwaka 2016, alionekana katika darasa la ngoma mjini Kampala. Anayeanza, basi, hutangulizwa na kikundi. Wakala hufuata kazi ikishaonekana.

Tatizo letu ni kwamba vikundi hivyo viko Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Kwetu vipo vinavyoigiza kwa ajili ya mashirika, mambo ya malaria na UKIMWI, na Yumbe kuna kituo cha sanaa za maonyesho cha Bidibidi. Ila onyesho likiisha, limeisha. Lirekodiwe kwa video, hata kwa simu. Majina ya waigizaji yaandikwe. Na katibu wa kikundi awe na namba isiyobadilika kila mwezi, maana msaka waigizaji hapigi simu mara mbili.