Hewa ya kwenye barafu na mvua ya kwetu: juu ya nini kazi ya 2032 inapangwa tangu sasa

Wataalamu wa hali ya hewa na wa barafu kutoka inchi nyingi wanatayarisha kazi moja kubwa ya pamoja: Mwaka wa Tano wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, uliopangwa kwa 2032 mpaka 2033. Mtu wa Kalehe ao wa Uvira akisikia hii habari anaweza kucheka. Sisi tuko karibu na ikweta, barafu yetu ni ile ya Ruwenzori tu, na hata hiyo inazidi kupunguka. Lakini ukiangalia namna ile kazi inapangwa, kuna jambo linalotugusa.

Kutabiri hali ya hewa ni kazi ya hesabu. Ordinatere kubwa inapewa hali ya leo: joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, nguvu ya upepo. Kisha inahesabu itakavyokuwa kesho na kesho kutwa. Ukiipatia leo yenye matundu, itakurudishia kesho yenye matundu. Na kule kwenye ncha za dunia matundu ni mengi. Katikati ya bahari ya Aktiki hakuna miji wala viwanja vya ndege. Satelite za Ulaya zinazoitwa Meteosat zimekaa juu ya ikweta, kwenye urefu wa kilometa karibu 36,000. Zinaona Afrika vizuri sana, lakini ncha hazizioni, juu dunia ni mviringo. Ziko satelite zingine zinazopita juu ya ncha, ila hata hizo zinapata taabu: barafu ni nyeupe na baridi, mawingu nayo ni meupe na baridi. Kutofautisha wingu na barafu iliyo chini yake si kazi ya mchezo.

Njo maana 2013 Shirika la Kimataifa la Hali ya Hewa lilianzisha mradi wa miaka kumi juu ya utabiri wa huko. Ofisi ya kuunganisha kazi iliwekwa Bremerhaven, Ujeremani, ndani ya taasisi ya Alfred Wegener. Kiini chake kilikuwa miaka miwili, tangu katikati ya 2017 mpaka katikati ya 2019. Walipatana majira maalum ambamo vituo vingi vingeongeza kurusha maputo ya kupima hewa. Puto moja linabeba kifaa kidogo, linapanda kilometa 30 hivi ao zaidi, likituma vipimo kwa radio mpaka linapasuka. Kusini, kwenye Antaktika, majira hayo yalianza Novemba 2018 mpaka Februari 2019, na maputo ya nyongeza yalipita 2,000.

Kinachonipendeza mimi ni kilichofuata. Wataalamu walirudisha ordinatere nyuma, wakaifanyisha utabiri uleule mara mbili: mara moja na vile vipimo vyote, mara ingine wakivificha. Hapo njo unaona kila kipimo kina faida gani. Kituo cha Ulaya cha utabiri kilipoficha vipimo vya Aktiki, utabiri uliharibika huko kwenyewe, na kisha siku chache ukaharibika pia kwa watu wa Ulaya na Asia. Kwa hiyo mwenye kutoa feza anaonyeshwa hasara kwa hesabu, hapigiwi maneno matupu.

Baadaye meli ya Ujeremani, Polarstern, iliingia ndani ya barafu mwaka 2019 na kuachia barafu iibebe karibu mwaka mzima, pamoja na watafiti wa inchi 20. Corona ilipofunga ndege, ilibidi meli iache kipande chake cha barafu kwa majuma kadhaa ili kwenda kubadilisha watu.

Hii akili ya kupanga pamoja si ya leo. Karl Weyprecht, afisa wa majini wa Austria na Hungaria, meli yake ilikamatwa na barafu 1872. Aliporudi akaanza kusema kwamba kushindana nani atafika mbali haileti elimu. Afazali vituo vingi vipime kitu kilekile, kwa saa ileile. Alikufa 1881. Mwaka uliofuata inchi zilianza kazi aliyoota. Iligharimu: kikundi kimoja cha Wamarekani kilikuwa na watu 25, waliorudi nyumbani wazima ni 6 tu. Mwaka 1957 Marekani na Soviet, waliokuwa wakitishana kwa mabomu, walikubali kupima pamoja.

Leo ile roho imechoka. Urusi ina karibu nusu ya pwani ya Aktiki, na tangu vita ya Ukraine mwaka 2022 inchi zingine zimekata kazi nyingi nayo. Hata penye amani kuna shida: mwanzoni mwa 2025 kituo cha Kotzebue, Alaska, kilisimamisha maputo yake kwa kukosa wafanyakazi. Upepo wenyewe hauulizi paspoti, lakini vipimo vinategemea watu na bajeti.

Sasa turudi kwetu. Tusidanganyane: mvua ya Kivu haiamuliwi na barafu ya Aktiki. Inaletwa zaidi na joto la tropiki, unyevu wa msitu wa Congo, bahari ya Hindi, na milima yetu wenyewe. Lakini tundu letu ni ndugu ya lile la ncha. Wao hawaonekani vizuri kutoka juu. Sisi tunaonekana vizuri kutoka juu, lakini chini vituo ni vichache. Satelite inaona wingu. Haijui mto umepanda kiasi gani. Mwanzoni mwa Mei 2023 maji yalishuka Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa.

Kwenye Ziwa Victoria, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilifanya mradi wa pamoja wa utabiri kwa ajili ya wavuvi. Kwa Kivu na Tanganyika, maziwa tunayogawana na majirani, mtu angeanza kwa swali ambalo wale wa Aktiki walijifunza kuuliza mapema: utabiri ni wa nani? Wawindaji wa huko walitaka kujua kama barafu ya karibu na kijiji inaweza kubeba mtu, wakati ramani nyingi zilichorwa kwa ajili ya meli kubwa. Mvuvi wa sambaza anayeingia ziwani magaribi hahitaji kuambiwa kwamba kesho kutakuwa mvua hapa na pale. Anataka kujua upepo wa saa nane ya usiku, upande gani wa ziwa, kabla hajawasha taa yake.