TAHARIRI: NAHODHA NA HESABU YA ABIRIA

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hiyo ndiyo methali tunayotupiwa kila tunapotetea siasa za vyama vingi. Hatuna ugomvi na wahenga. Hatudai usukani ushikwe na watu kumi. Tunauliza hivi: nahodha mmoja akikosea, ni nani mwenye nguvu za kumzuia kabla chombo hakijazama?

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na kisiwa cha Ukara nchini Tanzania. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa pekee walikuwa 228. Siku iliyofuata, Rais John Magufuli alilitangazia taifa kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Sisi wa Rongai hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Tunamjua dereva wa matatu anayemkabidhi skwadi gari magharibi, abiria wakining'inia mlangoni.

Magufuli aliagiza wahusika wakamatwe. Hatua hiyo ilistahili, lakini ilikuja watu wakiwa wamekwisha kufa. Chama cha upinzani cha CHADEMA kilisema kwamba kilikuwa kimelalamikia hali ya kivuko hicho mara kadhaa, na serikali ikapuuza. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Upinzani si nahodha wa pili anayegombea usukani katikati ya maji. Upinzani ni sauti inayohesabu abiria gatini na kusema: hapana, wametosha.

Wala tusiwanyoshee jirani kidole. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe iliyoundwa kubeba watu 300 ilipinduka Mombasa ikiwa na zaidi ya 400. Walikufa 272.

Vijana wetu wamezoeshwa nahodha wa namna nyingine. Katika tamthilia ya Marekani iitwayo Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1966, Kapteni Kirk hukiacha chombo chake cha angani akashuka yeye mwenyewe penye hatari. Katika filamu ya mwaka 1984 alikiiba chombo hicho. Katika ile ya 1986 alishtakiwa, akashushwa cheo kutoka admirali hadi kapteni, kisha akapewa chombo kipya. Watazamaji hufurahi, kwa kuwa mtunzi huhakikisha kwamba kosa la shujaa linaishia pema. Ziwa halina mtunzi, wala taifa halina.

Hata hivyo, hukumu kama ya Kirk tumeishuhudia hapa kwetu. Julai 11, 2024, kufuatia maandamano ya vijana, Rais William Ruto alilivunja baraza la mawaziri. Kabla ya mwezi huo kwisha, baadhi ya waliofutwa walikuwa wameteuliwa tena.

Katiba ya 2010 haikuandikwa kwa kumtegemea shujaa. Ibara ya 1 yasema kwamba mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Ibara ya 35 yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Ibara ya 145 yaeleza jinsi Rais awezavyo kuondolewa madarakani na Bunge. Nayo Ibara ya 91 yavilazimu vyama vya siasa kuwa na viongozi waliochaguliwa kidemokrasia.

Ibara hiyo ya 91 yatuhusu sisi wenyewe tunaojiita wanamageuzi. Chama ambacho wagombea wake huamuliwa sebuleni kwa mtu mmoja ni ule ule utawala wa chama kimoja, uliobadilishwa rangi na kaulimbiu. Kifungu cha 2A hakikufutwa Desemba 1991 ili kila mkubwa apate chombo chake cha kuongoza bila kuulizwa.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wananchi wenzetu wa Rongai na Kajiado nzima. Ulizeni ofisi ya chama chenu orodha ya wanachama na tarehe ya uchaguzi wa tawi. Hudhurieni mikutano ambayo bunge la kaunti huitisha kusikiliza maoni ya umma, na maoni yenu myawasilishe kwa maandishi. Mkipewa mgombea ambaye hamkumpigia kura ya mchujo, mkataeni mapema.

Abiria anayeuliza maswali gatini huitwa msumbufu. Na aitwe. Akinyamaza hapo, hatapata nafasi ya kuuliza katikati ya ziwa.