Msumari Si Pini

Wako wenye bunduki za kulindia mashamba ambao wana kauli moja kwa kila ugonjwa. Bunduki ikivutwa triga ikasema "ka!" na risasi isilie, husema: "Pini imekufa, itiwe nyingine." Kauli hiyo nimeisikia kwa wakulima, kwa wawindaji, na hata kwa watu wanaojiita mafundi. Mimi naipinga. Ni kauli ya uvivu, na uvivu katika jambo la silaha hulipwa kwa jicho, kidole au roho.

Bunduki ninayoisema si gobore la kushindilia baruti mdomoni. Ni ile yenye mtutu wenye michirizi kwa ndani, inayotiwa risasi moja kwa mkono; ikishalia hufunguliwa, ganda likatolewa, ikatiwa nyingine. Silaha za namna hii si ngeni kwetu. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja, na moshi wa baruti yake uliwaonyesha adui mahali walipojificha. Mwenye bunduki ya namna hii hana risasi ya pili inayongoja. Ikikataa mbele ya nguruwe aliyejeruhiwa, imekataa kweli.

Tuitazame kazi yake. Ukivuta triga, springi iliyokazwa huachiwa. Springi huisukuma pini, pini hupita katika njia yake, ncha yake hutokeza katika tundu dogo na kuigonga fataki. Fataki ni kile kikombe kidogo kilicho katikati ya kitako cha ganda, chenye dawa inayowaka ikigongwa. Fataki ikiwaka, huiwasha baruti. Sasa hesabu, ndugu msomaji: springi, njia, pini, tundu, fataki, baruti. Hayo ni mambo sita. Ni haki gani hiyo ya kumhukumu mmoja kwa makosa ya sita?

Najua chimbuko moja la kuishuku pini. Bunduki ya Dreyse, ambayo Waprusia waliichagua mwaka 1841, ilikuwa na pini ndefu na nyembamba kama sindano. Fataki yake ilikaa ndani, nyuma ya risasi na mbele ya baruti, hivyo sindano ilipaswa kuipenya baruti kwanza. Iliungua kila mara, ikadhoofika, ikakatika. Kwa hiyo askari walibeba sindano za akiba, na walifanya vema, maana sababu ilijulikana. Lakini Mauser ya 1871 ilitumia ganda la madini lenye fataki kwenye kitako. Pini haikulazimika tena kuingia motoni. Sindano ilikwisha zamani, ila tabia ya kubadili sindano ingali vichwani mwa watu.

Basi tuanze panapostahili. Risasi ikikataa, usiifungue bunduki hapo hapo. Uelekeze mtutu mahali pasipo mtu wala nyumba, uhesabu nusu dakika. Ukingoja dakika nzima hakuna aliyekufa kwa kungoja. Fataki huweza kukawia kisha ikaiwasha baruti, na ikiwasha wakati umekwisha kufungua, ganda hupasuka mbele ya uso wako. Ukishangoja, fungua, toa ile risasi, uitazame kitako. Hapo ndipo penye ushahidi.

Kama fataki haina alama yoyote, ncha haikuifikia: pini imekatika au imenata, au springi imevunjika. Kama alama ipo lakini ni hafifu, mshuku uchafu, springi iliyochoka, ncha iliyolika, au risasi inayozama mno chembani hata pini ikaifikia kwa shida. Kama alama iko upande, huenda bunduki haikufunga sawasawa, au tundu limepanuka na pini inayumba. Kama fataki imetoboka, ncha ni kali mno au imetokeza kupita kiasi. Na kama alama ni nzito, ipo katikati, na bado haikuwaka, mashaka ya kwanza yaende kwenye risasi. Pengine ililala miaka kumi chini ya kitanda chenye unyevu. Jaribu risasi mpya za boksi lingine kabla hujaigusa bunduki.

Jirani yangu mmoja wa nyanda za juu alikuwa na bunduki iliyokataa kulia alfajiri, na ikifika saa sita mchana inalia vizuri. Fundi aliibadili pini mara mbili, na mara mbili akalipwa. Nilimwuliza jirani swali moja tu: "Unaipaka mafuta gani?" Akajibu, "Ya nazi, Mwalimu." Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na alfajiri ya huko mwezi wa saba hata maji ya kunawa yanauma. Pini ilikuwa inasukumwa ndani ya mgando. Fundi mwingine, mwenye leseni, aliitoa bolti, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaipaka mafuta mepesi ya silaha kiasi cha kung'aa tu. Hakutia hata kipuri kimoja, na bunduki ikalia alfajiri kama ilivyolia mchana.

Hasara ya jirani ilikuwa ya fedha. Iko hasara kubwa zaidi, nayo ni ya msumari. Wapo wanaokata msumari wa inchi nne, wakausugua kwa tupa, wakaufanya pini. Chuma cha msumari ni laini. Kikigonga mara kadhaa, ncha hutanuka kama kichwa cha patasi iliyopigwa sana, na inaweza kukwama ndani ya tundu ikiwa imetokeza. Siku hiyo mwenye bunduki anatia risasi, anaifunga kwa nguvu, na pini iliyotokeza inaigonga fataki kabla bunduki haijajifunga. Yeye hajagusa triga. Pini ya kweli huchongwa kwa chuma cha pua, hupashwa moto na kuzimwa kiwe kigumu, kisha hurudishiwa joto kidogo kisiwe kikavu kama kioo. Ncha yake huviringwa, haichongwi kama mkuki. Na wale wanaoivuta springi iliyochoka ili irefuke wajue kwamba nguvu wanayoipata ni ya siku chache.

Nitaambiwa: "Mwalimu, bunduki hizi ni za mababu, vipuri havipatikani." Ni kweli havipatikani dukani. Lakini fundi mwenye leseni aweza kuchonga pini kwa kipimo, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuiweka kazi hiyo mikononi mwa kila mwenye tupa. Kama hakuna awezaye, basi bunduki hiyo imestaafu, ipelekwe polisi. Nami nimestaafu, si aibu.

Nitaambiwa tena: "Kuchunguza kunapoteza muda." Hapo ndipo ninapokasirika. Katika chuo cha ualimu niliwaonyesha vijana wangu hesabu hii: 52 kutoa 38. Mtoto anaandika 26. Mwalimu mvivu anaweka mkasi mwekundu na kusema mtoto ni mzito, arudie darasa. Mwalimu wa kweli anatazama alichoandika: katika mamoja mtoto ametoa 2 katika 8, katika makumi ametoa 3 katika 5. Hajui kukopa, kila mahali anatoa ndogo katika kubwa. Mfundishe kukopa, amepona. Kosa lake lilikuwa limeandikwa wazi kwenye daftari, kama alama ilivyoandikwa kwenye fataki. Anayebadili pini bila kuitazama fataki na anayemrudisha mtoto darasa bila kulisoma daftari wana ugonjwa mmoja: wote wawili wanatoa dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Kwa hiyo nawasihi wenye bunduki. Mkimpelekea fundi silaha, mpelekeeni na lile ganda lililokataa, kwa kuwa ndilo shahidi. Mwulizeni ameona nini kabla hamjamwuliza bei. Akijibu bila kulitazama ganda, chukueni bunduki yenu mwondoke.