Boti ya okazioni: tuangalie mbao mbele ya mota

Ruashi haina ziwa, lakini wauza samaki wake wanategemea boti. Samaki wa Kasenga, Kilwa na Pweto hutoka mto Luapula na ziwa Moero kabla ya kupakiwa kwenye lori za Lubumbashi. Boti ikizeeka, wenyewe huchanga dola na kununua nyingine ya okazioni.

Wengi huangalia mota na rangi. Kwetu, rangi mpya inapashwa kuleta mashaka, sababu inaweza kuficha mbao iliyooza. Boti ipandishwe nchi kavu. Choma kwa kisu mbao za chini, hasa kando ya misumari. Kisu kikiingia kama ndani ya muhogo uliopikwa, rudisha dola mfukoni. Kisha ilale majini usiku mzima bila mtu kuchota maji. Asubuhi utajua bei yake. Mota hubadilishwa, mbao za chini zikioza, ni kujenga boti upya. Muuzaji akikataa jaribio hilo, amekwisha kujibu.

Na ile ya zamani? Mara nyingi inauzwa bei ya chini, inapakwa rangi, inaanza kubeba watu. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Boti iliyooza haingojei hata mzigo huo. Tunaomba wakaguzi wa serikali kule Moero wapime kila boti inayobadilisha mwenyewe, na iliyochoka ipasuliwe kuni.