Tusiuziwe pikipiki kwa nakala ya kadi

Ndugu Mhariri,

Nimechoshwa na madalali wanaouza pikipiki zilizotumika kwa nakala ya kadi ya usajili tu. Mdogo wangu, hapa Morogoro, alinunua Boxer 150 iliyong'arishwa, akaahidiwa kadi halisi baadaye. Haikuja. Aliposimamishwa barabarani, namba ya chesisi iliyogongwa shingoni, chini ya usukani, haikulingana na ya kwenye nakala ya kadi. Pikipiki imebaki kituo cha polisi. Fedha za mavuno ya mpunga alizolipa zimekwenda, na dalali hapokei simu. Kijana wa watu alitaka kazi!

Naomba Mamlaka ya Mapato (TRA) na polisi waweke dawati kwenye maeneo ya mauzo, ili mnunuzi athibitishe mmiliki na namba za chesisi na injini kabla ya kulipa. Wasomaji mliowahi kurudishiwa fedha, mlifanyaje?

Msomaji wenu,
Morogoro