Akili ya nani?

Jamani, kuna neno linanikera: akili. Akili bandia, akili mnemba, akili unde. Watu wanabishana juu ya neno la pili, la kwanza hakuna anayeligusa. Na ndilo lenye sumu! Ukishasema "akili" umeshamweka kichwani kiumbe asiyekula wala kulala, anayejua yote. Utamwogopa au utamsujudia. Hutauliza kalishwa nini, na nani.

Mtasema jina ni jina tu. Haya, teremkeni Mbamba Bay mkaliite lile ziwa Malawi mbele ya wavuvi, halafu mje mnisimulie.

Wengine wanasema hii mitambo ni kasuku. Sitiari hiyo ilivuma mwaka 2021 kwa makala ya Emily Bender, Timnit Gebru (mzaliwa wa Addis Ababa, jirani yetu huyo) na wenzao. Afadhali. Ila kasuku hujifunza kwa kusikia tu, hakuna anayetoka jasho.

Mimi nachukua ngolo. Kwenye miteremko ya Mbinga, wanaume wa Kimatengo hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia. Majani yanaoza ndani ya matuta, juu yake maharage, baadaye mahindi, na mashimo yanazuia maji ya mvua yasibebe shamba. Mgeni kwenye basi anaona mlima umepambwa kama sega la nyuki, anapiga picha. Mwenyeji anaona migongo ya akina mama.

ChatGPT nayo ni hivyo hivyo. Chini yake kuna maandishi ya mamilioni ya watu, yamefyekwa bila hodi. Na wachimbaji wapo. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama, Nairobi, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono na kuyawekea alama, ili chombo cha OpenAI kijifunze kuyakwepa. Sisemi ngolo ni haki tupu, jembe liko kwa mama. Lakini angalau pale aliyefukia anakula maharage.

Sisi wa magazetini ndio wachochezi wakubwa: "akili mnemba yagundua", "akili mnemba yaamua". Haijaamua kitu. Kuna kampuni imeamua, ina jina na ina wakurugenzi. Kwenye habari yangu ijayo naandika jina la kampuni, na mhariri akilibadilisha kuwa "akili", tutakutana ofisini kwake.