Moshi Si Lango la Mlima Tu

Mhariri,

Mgeni anayefika Moshi huelekezwa moja kwa moja kwenye mageti ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kana kwamba mji na vijiji vya mteremkoni ni mahali pa kulala tu kabla ya kukifuata Kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Mtazamo huo hauwatendei haki wenyeji. Mjini kwenyewe mna misikiti, makanisa na hekalu la Wahindu, na pia KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933.

Utajiri mkubwa zaidi, hata hivyo, umo kihambani, yaani katika shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ambamo kahawa hukua chini ya migomba, nayo migomba chini ya miti mirefu, huku mfongo, ambao ni mfereji wa jadi uliochimbwa kufuata mteremko, ukileta maji ya mtoni kwa zamu. Humo ndimo inamotengenezwa mbege, pombe ya kienyeji: ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la mti wa msesewe hutia uchungu wake. Maporomoko ya Materuni na Kinukamori yanastahili sifa, lakini hayo hujitangaza yenyewe. Old Moshi, alikonyongwa Mangi (yaani chifu wa Wachagga) Meli na Wajerumani mwaka 1900, inapaswa kutembelewa kwa heshima.

Halmashauri na kampuni za utalii zinaombwa kuandaa ziara zinazoongozwa na wanavijiji, na malipo yamfikie mwenye kihamba.

Msomaji,
Moshi